Kindle yenye mpira ya moto (pikipiki) ku mugongo: bintu batu banasema na vile iko kweli

Tangu nianze kutembea na Kindle yangu, ile mashine ya kusomea bitabu, yenye kishikizo nilijitengenezea na kartoni na mpira ya ndani ya tairi ya moto, hapa Goma hakuna siku inapita bila mutu kunicheka. "Yaya, ile ni kitabu ao ni chukudu (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo)?" Sawa, mucheke tu. Lakini mu hiyo kicheko munakuwaka bintu mingi yenye haiko kweli, acha niijibu hapa mara moja juu nimechoka kurudilia.

Eti: "Kitu kepesi vile, mukono itaumaje?"

Ni kweli haina uzito. Paperwhite (aina moja ya Kindle) ya 2021 iko na gramu 205 hivi, telefoni mingi zinafika pale. Shida ni pale unashikia. Ile mashine iko na upana ya sentimita 12 na nusu, sasa ukiibana ku ukingo na kidole gumba, katikati yake, pale uzito unakaa, iko sentimita 6 mbali na kidole yako na inavuta chini saa yote, gumba inabana, kifundo ya mukono inajikaza juu isipinduke, na wewe hausikii kitu mupaka usiku ukitaka kufungua chupa ya maji unashindwa. Chukua sahani ya bugali na sombe, ubebe ku ukingo na bidole mbili, uone utafika wapi. Kisha weka kiganja chini yake. Bugali ni ile ile!

Kishikizo kazi yake ni hiyo tu, kutoa kazi ku gumba kuipeleka ku kiganja. Njo maana hata wale banasema "ukiongeza kitu nyuma unaongeza uzito" banakosea. Yangu imeongeza uzito kidogo, ndiyo, lakini nasoma masaa mbili bidole ziko wazi, hazibane kitu.

Eti: "Kaza nguvu isianguke"

Hii njo ilinikulia mashine ya kwanza. Nilikata kartoni, nikapitisha mpira kwa kartoni, fundo ya mpira nikaiacha katikati ya kartoni na mashine, kisha nikakaza vile mutu anakazaka mizigo ku moto. Nikaiweka mu sakoshi. Kufika nyumbani, nusu ya skrini iko na maandishi ya asubuhi, nusu ingine ni mistari mistari, na ukipitisha kidole juu yake ni laini kabisa, hakuna ufa. Juu chini ya ile wino yenye inaandika ku skrini, mu mashine mingi, muko kioo ingine nyembamba sana, na hiyo njo inavunjikaka ukiikunja ao ukiisukuma kutokea nyuma. Ile picha inabakia pale pale hata mashine ikizima, wino ya namna hiyo haiombe umeme kwa kubakisha ukurasa.

Sasa nafanya hivi. Kartoni mbili zenye kubandikwa na kole (gundi), mistari ya moja ikate mistari ya ingine, kwa Paperwhite nakata sentimita 17 kwa 12. Mpira zinashika ku kona ine tu, hakuna yenye kupita juu ya skrini. Ukanda ya mukono unapitia mu matundu mbili ya kartoni, na fundo zote zinabakia nje, upande ya kiganja. Upime ukanda na mukono wazi, bidole ine ndani, gumba nje. Ukitikisa juu ya kitanda na haitoke, basi, imetosha. Juu ya kitanda, nasema, hapana mu parseli (uwanja ya nyumba), mawe yetu ya volkano munayajua. Na chini usizibe pale pa kuchajia.

Eti: "Sumaku itafuta bitabu yako"

Hapana, hata kama kishikizo yako inashikia na sumaku. Bitabu ziko mu memori yenye haisikie sumaku ndogo kama hiyo. Chenye itafanya ni kulaza mashine, juu muko kitu ndani yenye kusikia sumaku ya kifuniko. Ukiona inazima yenyewe kila saa, songeza sumaku, usikimbilie kwa fundi.

Eti: "Supaglu moja kwa moja, imeisha"

Usifanye. Moshi yake inaacha weupe ku plastiki yenye iko nguvu kutoa, na siku unataka kutoa kishikizo unatoka na mugongo ya mashine. Kole ibakie ku kartoni.

Eti: "Mpira ku kona inaharibu tachi"

Hii iko nusu kweli. Kindle Touch ya 2011 ilikuwa inaona kidole na mwangaza yenye haionekane, inapita juu ya skrini kutoka ku fremu, kwa hiyo kitu yenye kuingia pale inaweza kugeuza ukurasa yenyewe. Zile za sasa mingi zinasikia kidole, mpira kavu hazijali.

Eti: "Itakuchafua"

Ukiiweka bila kuosha, ndiyo. Mpira ya ndani ya tairi mara mingi iko na unga nyeupe, na yenyewe inaachaka weusi ku nguo. Sabuni, burashi, siku moja ku jua, kisha uivike kipande ya kitenge pale mukono inagusa. Beyi? Yule fundi wa kuziba mapira alinikatia kipande bure, kisha akaniuliza moto yangu nimeiacha wapi.