ELIMU KWA UMMA: Kubusti gari bila kulipua betri

Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti huwakuta wengi na gari lililogoma asubuhi, kuanzia Ngaramtoni hadi Marangu. Baridi hupunguza nguvu ya betri na oili huwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi kutoka kwenye betri ambayo haina wa kutoa. Jirani anaitwa na waya zinatolewa. Kubusti, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine, si kosa. Hatari iko kwenye namna ya kuunganisha, hasa kibanio cha mwisho cha waya.

Betri ya asidi hutoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yaweza kuilipua, na kinachoruka usoni ni vipande vya plastiki pamoja na asidi. Kibanio cha mwisho ndicho hutoa cheche, maana ndicho kinachokamilisha njia ya umeme. Kwa hiyo kifungwe mbali na betri. Wananchi hutubishia hapa sisi wa Zimamoto: “Mbona siku zote tunafunga hasi kwa hasi na gari linawaka?” Linawaka, ndiyo. Na anayevuta sigara kituo cha mafuta, siku nyingi hurudi nyumbani salama.

Kwanza hakikisha magari yote mawili ni ya volti 12. Malori na baadhi ya Coaster hutumia volti 24, na Land Cruiser yenye betri mbili yaweza kuwa ya 12 au ya 24. Soma kibandiko au muulize fundi wa umeme wa magari. Kuomba umeme wa lori “kwa kuwa una nguvu” ni kuunguza kontroli boksi (kompyuta ya gari) kwa mkono wako. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja haibustiwi, inabadilishwa.

Waya ziwe na shaba ya milimita za mraba 16 kwa injini ndogo ya petroli, 25 au zaidi kwa dizeli. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni plastiki nene yenye shaba kiduchu. Hupata moto kabla stata haijazunguka.

Magari yasigusane. Vuta breki ya mkono, weka gia huru au P, zima taa, redio na feni. Kibanio chekundu kifungwe kwenye chanya ya betri iliyokufa, cha pili chekundu kwenye chanya ya betri nzima. Cheusi kifungwe kwenye hasi ya betri nzima. Cheusi cha mwisho hakiendi kwenye betri iliyokufa: kinabana chuma cha injini kisicho na rangi, walau sentimita 30 kutoka kwenye betri, mbali na mikanda, feni na mipira ya mafuta. Washa gari zima, subiri dakika 3 hadi 5, kisha piga stata ya lingine kwa sekunde zisizozidi 10. Likikataa, pumzisha dakika moja. Likikataa mara ya tatu, acha. Tatizo huenda si betri. Likiwaka, fungua kwa kurudi nyuma, ukianza na kile cheusi cha kwenye chuma.

Usigusanishe vibanio kuona kama “umeme upo”. Usichomoe betri injini ikiwaka ili kupima oltaneta, mashine inayochaji betri. Volti hupanda ghafla na kuharibu vifaa. Mita ndiyo ipime: volti 13.8 hadi 14.4 injini ikiwaka, na karibu 12.6 gari likiwa limelala. Gari la haibridi lisitumike kubusti jingine, na nyaya zake za rangi ya chungwa zisiguswe kabisa. Wenye magari ya safari, friji na chaja za kamera zikiachwa usiku kucha humaliza betri hata ikiwa mpya.

Asidi ikiingia jichoni, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 20, kisha hospitali. Si maziwa, si mafuta.

Ukikwama kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, washa taa za hazadi na weka pembetatu mbele na nyuma kabla ya kufungua boneti. Trafiki akikukuta huna, faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000, na maelezo kwamba ulikuwa unabusti hayaifuti.

Moshi ukitoka chini ya boneti, zima injini, ondoa watu, piga 114 (Zimamoto). Usiinue boneti yote. Hewa itauchochea moto. Ifungue upenyo mdogo tu na upulize mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu kwenye upenyo huo. Kwa anayepokea simu taja barabara, kituo cha daladala au alama iliyo karibu, upande wa kuelekea, na kama kuna mtu ndani. “Njooni hapa barabarani” haitufikishi.