Je, wajua kwa nini korosho ya Mtwara na Lindi husafiri na ganda lake hadi Asia?

Kuanzia Oktoba, maghala ya Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Ruangwa hujaa magunia ya korosho ghafi. Minada inapigwa, malori yanashuka bandari ya Mtwara, na sehemu kubwa ya mzigo inaingia kwenye makontena ikiwa bado ndani ya ganda, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kila msimu swali linarudi: viwanda vilijengwa huku kwetu, mbona korosho inaondoka ghafi?

Wengi hujibu kwamba mashine hazikuwepo. Zilikuwepo. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ilipanua ubanguaji hadi kufikia viwanda 12, vingi vikiwa Mtwara na Lindi, na mitambo ikaletwa kutoka Italia na Japani. Uwezo wa viwanda vyote ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilipigwa wakati mavuno yako juu: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kisha wakulima wakahamishiwa vijiji vya Ujamaa, mikorosho mingi ikabaki maporini mbali na makazi. Bei ya mkulima ikashuka, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua na machipukizi. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kiwanda kilichojengwa kwa mzigo mkubwa hakiwezi kulipa umeme, vipuri na mishahara kwa mzigo mdogo, kwa hiyo vikafungwa kimoja baada ya kingine, na baadhi ya majengo yakageuzwa maghala.

Lakini mavuno yalirudi. Salfa ya kupulizia ubwiriunga, miche bora iliyotokana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, na bei nzuri zaidi viliyarudisha, hata msimu wa 2017/18 ukapita tani 300,000. Ubanguaji haukurudi kwa kasi hiyo. Ili kuona sababu, inabidi kuijua kazi yenyewe.

Korosho ghafi hukaushwa juani hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 8 au 9. Ikiwekwa ghalani mbichi, kiini huota ukungu na kubadilika rangi, na hakuna mashine ya kulirekebisha hilo baadaye. Hupangwa kwa ukubwa, kwa sababu korosho ndogo na kubwa zikipikwa pamoja moja itaiva kupita kiasi na nyingine itabaki ngumu. Hupikwa kwa mvuke wa boila dakika 15 hadi 30, kisha huachwa ipoe usiku mzima ili ganda likauke na kukatika vizuri. Ndipo hubanguliwa, ama kwa mashine ya mkono na mguu yenye visu viwili, ama kwa mtambo. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo mbanguaji asiye na glavu hupaka mikono mafuta ya kula au majivu.

Kiini kilichotoka huingia kwenye tanuri la nyuzi 60 hadi 70 kwa saa sita hadi nane, ili ganda laini, yaani ngozi nyembamba inayokizunguka, lilegee na limenywe. Moto ukizidi, kiini huungua pembeni na kushuka daraja. Ukipungua, ganda laini linang'ang'ania, mmenyaji analazimisha kwa kisu na kiini kinapasuka. Mwisho ni kupanga madaraja: W240 maana yake ni viini vizima vyeupe visivyozidi 240 kwenye ratili moja, yaani gramu 454, W320 ni vidogo zaidi.

Hapa ndipo faida inapofia. Kilo 100 za korosho ghafi hutoa kilo 20 hadi 25 za korosho karanga, yaani viini vilivyokwisha kumenywa. Kinachobaki ni ganda na vumbi la ganda laini. Na kiini kizima kina bei ya juu kuliko vipande. Kiwanda kinachopasua korosho nyingi hakiokolewi na wingi wa mzigo, na kupasua viini kulikuwa udhaifu mkubwa wa mitambo ile ya zamani, kwa sababu korosho hazilingani umbo wala ukubwa. Wakati huohuo India, hasa Kollam katika jimbo la Kerala, ilikuwa na maelfu ya wanawake wanaobangua kwa mkono na kutoa viini vizima. Vietnam ilikuja baadaye, ikatengeneza mitambo yake yenyewe ya bei nafuu, ikawa na mafundi na vipuri karibu, na tangu 2006 ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho karanga.

Jambo la pili ni fedha, na pengine ndilo zito kuliko yote. Msimu wetu mkubwa ni miezi mitatu hivi, lakini kiwanda kinataka kufanya kazi miezi kumi na miwili. Chukua kiwanda kinachobangua tani 10,000 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, mwenye kiwanda anahitaji shilingi bilioni 30 msimu ukiwa umefunguka, akope, anunue, aweke ghalani. Ikiwa riba ni asilimia 15 kwa mwaka na deni linapungua taratibu kadiri anavyouza, wastani wake ukiwa nusu, yaani bilioni 15, riba peke yake inakaribia shilingi bilioni 2.25. Igawe kwa kilo za karanga atakazopata, ni karibu shilingi 1,000 kwa kila kilo, kabla hajalipa mbanguaji hata mmoja.

Mshindani wake wa Asia halazimiki kulala na mzigo hivyo. India, Vietnam na Afrika Magharibi huvuna kati ya Februari na Juni. Sisi huvuna kati ya Oktoba na Januari. Korosho yetu inafika viwandani kwao wakati maghala yao yanapungua, kwa hiyo wako tayari kuipandia bei mnadani. Kwa mkulima wa Tandahimba hilo ni jema. Kwa mbanguaji wa Mtwara ni pigo, maana ananunua malighafi kwa bei iliyopangwa na mtu mwenye msimu mwingine wa kumbeba.

Serikali hutoza ushuru kwa korosho ghafi inayotoka nje: asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Ushuru huo humpa mbanguaji wa ndani nafuu ya bei, lakini hauondoi riba, na mnunuzi huweza kuurudisha kwa mkulima kwa kutoa bei ndogo mnadani. Ukipandishwa bila mikopo nafuu ya kununulia mzigo, anayelipa ni mwenye shamba.

Kinachopotea korosho inapoondoka na ganda ni ajira ya mwezi wa Mei, wakati pesa za msimu zimekwisha majumbani. Kubangua, kumenya na kupanga madaraja ni kazi za watu wengi, na kote duniani wengi wao ni wanawake. Hupotea pia ganda lenyewe: mafuta yake hutumika kwenye breki za magari, rangi na gundi za viwandani, na makapi yake huwasha boila ile ile inayopika korosho, bila kuni.

Mtindo unaopunguza mzigo wa mtaji ni kugawa kazi. Vikundi vya vijijini hupika na kubangua kwa mashine za mkono, kisha hupeleka viini vikiwa bado na ganda laini kwenye kiwanda kimoja chenye tanuri, chumba safi cha kupanga madaraja na mashine ya kufunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa boksi za ratili 50. Mtindo huu hutegemea jambo moja: unyevu wa viini wakati wa kupokelewa kiwandani. Kikundi kimoja kikileta viini vyenye unyevu mwingi vikachanganywa na vya wengine, tanuri haliwezi kukausha vyote sawa, na shehena nzima hushuka daraja. Kwa hiyo kila mfuko hupimwa mlangoni na kuandikwa jina la kikundi, na usiofaa hurudishwa ukakaushwe kabla haujagusana na mwingine.