Mkaa wa mifupa kwa maji ya Nakuru: kazi iko tanurini

Wanafunzi wa uhandisi wanaojitolea vijijini Nakuru mara nyingi huwaza kisima kipya. Nawasihi waanze kwa kupima maji yaliyopo. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi huku hupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki sufuriani.

Napendekeza chujio la mkaa wa mifupa, unaonasa floraidi. Kwanza waulizeni wenyeji, maana kuna nyumba zisizokubali mfupa wa nguruwe, na nyingine zisizokubali wa ng'ombe. Mifupa iliyotolewa nyama na mafuta huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, hewa ikiingia kidogo tu. Kisha vunja kipande, ukitazame ndani. Kikiwa cheusi tititi na kinanuka mafuta, hakijaiva. Maji yatatoka na rangi na harufu, na mama mwenye nyumba atalisukuma chujio pembeni. Kikiwa cheupe kama chokaa kimeungua kupita kiasi. Kinapendeza macho, lakini nguvu yake ya kunasa floraidi imepungua sana. Kijivu ndicho chenyewe.

Ponda, chekecha, ubaki na chembe za nusu milimita hadi milimita 2. Vumbi huziba, na vipande vikubwa hupitisha maji bila kuyasafisha. Osha mpaka maji yatoke safi. Tanguliza maji ndani ya ndoo ndipo umimine mkaa, hewa isije ikajichimbia njia. Paipu ya kutolea maji ipande juu ya usawa wa mkaa kabla ya kushuka, mkaa usikauke. Mtiririko uwe wa polepole, maji yagusane na mkaa kama nusu saa.

Sasa hesabu. Kwa tahadhari, chukua kwamba gramu 1 ya mkaa itanasa miligramu 1 ya floraidi. Kilo 10 zitanasa miligramu 10,000. Maji yenye miligramu 5 kwa lita, ukitaka yashuke hadi 1, yanakula 4 kwa kila lita: ni lita 2,500. Kwa lita 20 kwa siku, siku 125.

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Mkaa uliochoka hautoi dalili yoyote: maji ni yale yale, safi, hayana ladha mbaya. Bila kupima kila mwezi hamtajua, na watoto wataendelea kunywa. Wao ndio wa kutangulizwa, hasa walio chini ya miaka 8, kwa kuwa meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Maji ya chujio yawe ya kunywa na kupikia tu, kufulia yatumike ya kisimani. Vijidudu haviuawi na mkaa, hivyo klorini itiwe baada ya kuchuja.

Kabla ya kuondoka, andikeni kwa rangi kwenye kila ndoo tarehe ya kubadilisha mkaa, na jina la kikundi cha pale kijijini kitakachouchoma.