Ferris Boyle na wenzake: dhana potofu kuhusu uovu wa maadui wadogo wa Batman

Wapenzi wa Batman: The Animated Series, katuni iliyoanza kurushwa Marekani Septemba 1992, hubishana zaidi kuhusu Joker, adui wake mkuu. Ubishi wenye faida zaidi, kwangu mimi, ni wa maadui wale wanaotokea mara chache tu. Ukiwapima hao ndipo unapogundua kwamba vipimo vingi tunavyotumia havina uzito wowote.

Dhana: Adui asiye na nguvu za ajabu hawezi kuwa mwovu kuliko mwenye nazo.

Ferris Boyle hana barakoa wala silaha ya barafu. Ana suti, kiti cha mkurugenzi wa kampuni ya GothCorp, na walinzi wanaomtii. Yumo katika "Heart of Ice", sehemu iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Sauti yake ni ya Mark Hamill, yule yule anayemsemea Joker katika katuni hiyo. Mtazamaji anaanza kwa kumwona Boyle kama mlengwa: Mr. Freeze, mhalifu mwenye silaha ya barafu, anaiandama kampuni yake, nasi tunasubiri Batman amwokoe. Baadaye Batman anaipata kanda ya video, na mambo yanageuka.

Katika kanda hiyo Freeze bado ni Victor Fries, mwanasayansi wa GothCorp. Mkewe Nora ni mgonjwa mahututi, naye amemgandisha ndani ya mtambo ili maisha yake yasimame hadi tiba ipatikane. Boyle anaingia na walinzi, analalamikia gharama, anaamuru mtambo uzimwe. Anaambiwa wazi kwamba mle ndani kuna mtu hai. Hababaiki hata kidogo.

Nguvu aliyohitaji Boyle ni ya kutoa amri moja tu, na aliitumia dhidi ya mwanamke asiyeweza hata kufumbua macho. Mimi hapo ndipo ninapoanzia kupima: adui ana uwezo gani, na anawafanyia nini walio chini ya uwezo huo?

Dhana: Mitambo ilikuwa mali ya kampuni, na Fries ndiye aliyeshika bunduki kwanza. Boyle alijitetea tu.

Huu ndio utetezi wenye nguvu kuliko wote na unastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Fries alitumia vifaa na fedha za GothCorp kwa jambo ambalo mwajiri hakuliridhia. Boyle angeweza kumfukuza kazi, kumshtaki, hata kumdai kila senti. Na ni kweli kwamba Fries, alipoona mkewe anakaribia kuuawa, alimpokonya mlinzi bunduki.

Sasa tazama kilichofuata. Boyle alishusha sauti, akajifanya yuko tayari kuzungumza. Fries akamwamini, akaishusha bunduki. Hatari ilikuwa imekwisha. Ni hapo Boyle alipompiga teke, Fries akaangukia kemikali zilizouharibu mwili wake kiasi kwamba tangu siku hiyo hawezi kuishi kwenye joto la kawaida. Kujitetea hukoma mshambuliaji anaposalimu amri. Kinachofanyika baada ya hapo kina jina jingine, na kinazidi ubaya kwa kuwa kilitanguliwa na maneno ya upole yaliyokusudiwa kumlegeza mtu.

Tena haki ya kumiliki mtambo haibebi haki ya kumuua aliyelala ndani yake. Ukimkuta mgonjwa amelazwa kitandani mwako bila ruhusa yako, kitanda ni chako, roho si yako.

Wasiwasi wowote uliobaki unaondolewa na Boyle mwenyewe. Miaka inapita, naye yuko tayari kupanda jukwaani kupokea tuzo ya mtu mwenye utu kuliko wote wa mwaka. Kampuni yake inajitangaza kuwa inawajali watu, ilhali faraghani, mbele ya Bruce Wayne (ndiye Batman bila barakoa), anawasema wafanyakazi wake kwa dharau. Aliyelazimika kujitetea hujutia yaliyotokea, au walau huyakumbuka.

Dhana: Nora hakufa, kwa hiyo uovu wa Boyle unapungua.

Ni kweli kwamba "Deep Freeze" ya mwaka 1994 ilifichua kuwa Nora bado yumo kwenye barafu, hai. Lakini Boyle hakuchangia lolote katika kuokoka kwake. Alitoa amri akijua matokeo yake, na bahati ya mgonjwa haiwezi kuandikwa kwenye hesabu ya mema ya aliyetaka kumzima.

Dhana: Hesabu maiti, utampata mwovu.

Hii ilikuwa katuni ya watoto katika televisheni ya Marekani, na kituo kilibana sana vifo na damu. Adui asiye na maiti hata moja huenda amekatiwa maiti zake na wahariri.

Dhana: Mwenye kisa cha kusikitisha si mwovu kweli.

Kisa cha Nora kilibuniwa kwa ajili ya katuni hii. Freeze wa vitabu vya katuni, aliyeanza mwaka 1959 kwa jina Mr. Zero, alikuwa mwizi tu mwenye silaha ya barafu. Kisa kipya kilimpa machozi yetu, na anayastahili. Hata hivyo, anapoielekezea mzinga wake wa barafu GothCorp, jengo zima limo hatarini, na Batman anapomuuliza kuhusu watu wasio na hatia, hatetereki. Huzuni inatueleza alikotoka. Haiwafungulii mlango waliomo ndani.

Temple Fugate, adui aitwaye Clock King, ana udhuru mdogo zaidi. Wakili Hamilton Hill alimshauri kwa nia njema abadilishe muda wa mapumziko yake, ushauri ukamharibia siku na kesi yake ikaanguka. Kwa kosa hilo alitaka kumuua Hill kwenye mishale ya saa ya mnara.

Dhana: Kila anayevaa vazi la adui anahusika.

Condiment King, yule wa kurusha haradali na sosi ya nyanya, ni mchekeshaji ambaye Joker alimtawala akili kwa mtambo. Hakuwa na hiari. Uovu wake ni sifuri.

Dhana: Adui asiyepewa historia hawezi kuhukumiwa.

Sewer King wa "The Underdwellers" hana historia yoyote, wala haihitajiki. Anaishi chini ya jiji na watoto aliowafanya watumwa. Wanamwibia, wamekatazwa kusema, na anayekosea huadhibiwa kwa mwanga mkali kwenye macho yaliyozoea giza. Batman, ambaye kwa kawaida huwaachia mahakama kazi ya kuhukumu, anakiri mbele yake kwamba safari hii anatamani kuifanya mwenyewe. Namweka juu ya Boyle. Boyle alitoa amri kisha akaenda kuishi maisha yake, lakini Sewer King aliwaona watoto wale kila siku, na kila siku akaamua upya kuwabakiza gizani.