Tawi bora la walimu tarajali linatambulikaje? Majibu ya mlezi wa tawi

Kila nikitaja Kappa Delta Pi kwa ndugu zangu wa nyumbani wanadhani nazungumzia zile klabu za vyuo vya Marekani zenye herufi za Kigiriki, zile za kuishi nyumba moja na kufanya pati, na nikishawaeleza kwamba hii ni jumuiya ya heshima ya walimu tarajali swali linalofuata huwa ni moja tu: sasa kama mwanachuo keshapewa heshima kwa kuingizwa, hiyo tuzo ya tawi ni ya nini tena? Mimi naona ni swali la maana sana na ndo nataka nilijibu leo kwa kirefu, kwasababu ni mlezi wa tawi, nafundisha kozi za ualimu huku Marekani, na kusoma maombi ya tuzo, ya kwetu na ya wenzetu, ni kazi ninayoipenda kuliko vikao vingine vyote vya chuo.

Jumuiya yenyewe ilianzishwa tarehe 8 Machi 1911 pale Chuo Kikuu cha Illinois. Wakati ule Phi Beta Kappa, jumuiya nyingine ya heshima, ilikuwepo tangu 1776 kwa wale waliofanya vizuri kwenye masomo ya sanaa na sayansi, lakini elimu kama fani ya chuo kikuu ilikuwa bado changa na watu wake walitaka chombo chao cha kutambua juhudi. Mmoja wa waasisi ni Profesa William Chandler Bagley, mwingine ni Truman Lee Kelley ambaye baadae alikuja kuwa jina kubwa kwenye takwimu na upimaji wa elimu, na huyu Kelley nitamrudia maana ana mchango kwenye hoja yangu. Tangu mwanzo wakaweka misingi minne wanayoapa kuwa waaminifu kwayo: ubinadamu, sayansi, huduma na kazi ya jasho. Leo makao makuu yako Indianapolis, matawi ni mamia, na kwenye orodha yake ya waliotukuka walishapita watu kama John Dewey, Albert Einstein na Eleanor Roosevelt. Dewey aliwahi kuwapa mhadhara ambao ndo ukawa kile kitabu chake kidogo cha 1938 kuhusu uzoefu na elimu, kitabu ambacho hata walimu waliosoma vyuo vya kwetu wengi wamekutana nacho kwenye kozi ya falsafa ya elimu.

Sasa mtu anaingiaje? Kwa kawaida mwanachuo wa digrii ya kwanza anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kati ya 4.0 au zaidi na awe anasomea ualimu, anaalikwa na tawi la chuo chake, analipa ada, anahudhuria sherehe ya kuapishwa, anapewa cheti na pini, na siku ya mahafali anavaa zile kamba za shingoni. Hapa ndipo shida inapoanzia, na kila mlezi anaijua: wapo wanaokuja kuchukua kamba na kuongeza mstari kwenye CV, ukishawaapisha huwaoni tena mpaka mwezi wa mahafali wakiuliza kamba zinapatikana wapi. Siwalaumu sana, wengi wanafanya kazi usiku na kusoma mchana, lakini jumuiya ikiwa na wanachama wa namna hiyo tu inabaki kuwa orodha ya majina na GPA zao. Heshima ya mtu mmoja mmoja inaangalia alichofanya jana darasani. Tuzo ya tawi inaangalia kitu kingine kabisa, yaani hawa watu wenye GPA nzuri wakikusanywa pamoja wanafanya nini na kwa ajili ya nani.

Tuzo yenyewe inaitwa ACE, ni tuzo ya matawi yaliyofikia ubora, na kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa kila baada ya miaka miwili na kukabidhiwa kwenye kongamano kuu la jumuiya wanaloliita Convo. Tawi halipewi kwa jina la chuo chake wala kwa ukubwa, linaangaliwa limefanya nini kwenye taaluma, uongozi na huduma, na limetimiza wajibu wa kawaida kama kupeleka ripoti na kuchagua viongozi kwa wakati. Mbali na hiyo kuna utambuzi wa mradi mmoja mmoja, mfano ile programu ya Literacy Alive! ambapo matawi yanafanya kazi ya kukuza usomaji kwa watoto na familia za jirani na chuo.

Watu wanapita haraka kwenye hilo jambo la miaka miwili na mimi naona ndo roho ya tuzo nzima. Fikiria tawi la wanafunzi lilivyo. Viongozi wanachaguliwa, wanakaa mwaka mmoja, wengi wao wakiwa mwaka wa mwisho, alafu muhula wa mwisho wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa zana na andalio la somo, hawana hata muda wa kujibu meseji, na mwezi wa tano wanahitimu wanaondoka kabisa mjini. Kila mwaka tawi linafiwa na akili yake yote! Kwa hiyo ukipima mwaka mmoja unaweza kuwa unampima rais mmoja hodari, binti mmoja mwenye nguvu ya watu kumi ambaye akihitimu kila kitu kinalala. Ukipima miaka miwili unakuwa umekutana na makabidhiano angalau mara moja, unaona kama katibu mpya alirithi kitu au alianza na barua pepe tupu na kabati lililofungwa.

Na hapa ndo namrudia Kelley. Moja ya mambo anayokumbukwa nayo kwenye upimaji ni kwamba alama yoyote unayoiona ina sehemu ya uwezo wa kweli na sehemu ya bahati, na kama kipimo chako si cha kuaminika sana basi ile alama ya juu sana uikadirie kwa kuisogeza kuelekea wastani, usiibebe kama ilivyo. Sijui kama aliwahi kufikiria kuitumia kwa matawi, ila mimi naitumia kila nikisoma maombi. Tawi lililofanya tukio moja kubwa la kupendeza mwaka mmoja, pengine walipata mdhamini, pengine mkuu wa kitivo alikuwa na bajeti imebaki. Tawi lililofanya jambo lile lile dogo mihula minne mfululizo chini ya marais wawili tofauti, hapo bahati imeshapungua sana na unachokiona ni tabia ya tawi.

Jambo gani basi? Mimi naanzia kwa mwalimu tarajali mwenyewe. Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake wamekadiria kwamba takribani asilimia 44 ya walimu wapya Marekani wanaacha kazi ndani ya miaka 5 ya mwanzo, na yeye amekuwa akisisitiza kwa muda mrefu kwamba tatizo si tu kutozalisha walimu wa kutosha, ni kwamba wanaoingia wanatoka, na kwamba walioanza kazi wakiwa na mtu wa kuwashika mkono na wenzao wa kushauriana nao wanabaki kuliko waliotupwa darasani peke yao. Ukishalijua hilo unaanza kuliangalia tawi kwa jicho lingine. Pizza na semina za motisha sina ugomvi nazo lakini hazinishtui. Nakaa kimya nikisoma kwa makini pale tawi linapoandika kwamba kila muhula wana kikao cha kujiandaa na Praxis, mtihani wa kupata leseni ya ualimu, kinachoendeshwa na waliofaulu muhula uliopita, na wameweka akiba ya kumsaidia mwenzao aliyekosa ada ya mtihani. Nasoma kwa makini pia pale wanaposema wahitimu wao walioko mwaka wa kwanza kazini wanakutana mtandaoni jioni mara moja kwa mwezi na wale walio kwenye mazoezi ya kufundisha, huyu anauliza nifanyeje na mtoto anayelala darasani kila siku, yule anamjibu mimi wangu nilikuja kugundua analala kwenye gari na mama yake. Hicho kikao hakina picha nzuri ya kubandika kwenye ripoti, hakuna bango wala mgeni rasmi, lakini kinaweza kuwa sababu ya mtu mmoja kubaki kwenye kada hii miaka thelathini.

Alafu kuna upande wa huduma, na hapa naomba niseme wazi kwasababu linaniuma. Kuna kukusanya vitabu na kuna kusoma na watoto, na havilingani. Kuweka boksi kwenye korido ya kitivo watu watupie vitabu vya zamani ni rahisi, unapata namba kubwa ya kuandika, tulikusanya vitabu mia kadhaa, picha ya boksi, mwisho. Shule inapokea vitabu vyenye kurasa zilizochanika ambavyo hakuna mtoto wa darasa la pili atavifungua. Tawi linalonivutia linaanza kwa kumuuliza mwalimu wa ile shule, mama, watoto wako wanakwama wapi? Anawaambia nina watoto sita wanaosoma herufi lakini hawaunganishi. Basi wanapanga zamu, kila Jumanne watu watatu, watoto wawili wawili, miezi minne, wanaweka rekodi mtoto alianza wapi na yuko wapi. Watoto sita tu! Kwenye fomu namba inaonekana ndogo kuliko ya wale wa mabox, na ndo maana msomaji wa maombi lazima awe mtu aliyewahi kukaa na mtoto asiyejua kusoma, maana bila hivo atadanganywa na ukubwa wa namba.

Kuhusu usawa pia kuna maneno. Chuo kikubwa chenye wanachama mia mbili na ofisi yenye karani wa kuwasaidia hakiwezi kuwekwa mizani moja na chuo kidogo cha jimboni chenye wanachama kumi na wawili, nusu yao ni kina mama wenye watoto waliorudi kusoma. Kwenda Convo tu kunahitaji nauli na hoteli na wengine hawana. Mimi naangalia uwiano: kati ya wanachama mlionao, wangapi wamegusa kazi kwa mikono yao? Tawi la kumi na wawili ambalo tisa walishiriki limenifundisha mengi kuliko tawi la mia mbili linaloendeshwa na kamati ya watu watano huku wengine mia na tisini na tano wakisubiri kamba.

Mlezi naye ana nafasi yake, na hili ni la wenzangu. Tawi likishakosa mlezi anayejali linakufa ndani ya miaka miwili hivi, nimeliona hilo mara nyingi, ila mlezi akizidi nalo linakufa kwa namna nyingine, linakuwa mradi wa profesa na wanafunzi ni vibarua. Ukisoma maombi utasikia sauti. Kama kila sentensi imenyooka kama makala ya jarida na hakuna jina la changamoto yoyote, huyo ni mlezi ameandika usiku wa mwisho. Waacheni waandike wao, hata kama sarufi inayumba, kwasababu kuandika ripoti ya ushahidi ni sehemu ya ualimu, kesho watatakiwa kumweleza mzazi na mkuu wa shule mtoto ameendeleaje na kwa ushahidi gani.

Sasa kwa wale wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya mlioko vyuo vya huku mkaniandikia kwamba mmechaguliwa viongozi na mnataka kuomba tuzo, hebu nianze na kabati. Tafuteni ripoti za mwaka za viongozi waliopita kabla hamjapanga tukio lolote, ombeni mlezi awape, na kama hazipo muulizeni aliyekuwa katibu kabla hajafungiwa barua pepe ya chuo. Fungueni folda moja ya mtandaoni ambayo ni mali ya tawi, si ya mtu binafsi, na humo muweke kila kitu siku hiyo hiyo: tarehe, nani alikuja, tulifanya nini, watoto wangapi, kilichoharibika ni nini. Kumbukumbu za kuandika mwezi wa tatu ili kuwahi dedilaini zinajulikana, zote zina tarehe za kukadiria.

Chagueni miradi miwili, si saba. Mmoja uwe wa kuwajenga nyie wenyewe kama walimu, mwingine uwe wa shule ya jirani, na ule wa shule mkaupange pamoja na mwalimu wa pale tangu mwanzo. Picha za watoto msizipige bila idhini ya maandishi ya mzazi kupitia shule, hata kama mtoto mwenyewe anaruka ruka mbele ya kamera, na kama hamna idhini pigeni picha ya kazi yake, ya mikono, ya kitabu, inatosha kabisa. Barua ya mkuu wa shule iombeni mwezi wa kumi na mbili mradi ukiwa bado wa moto, mwombeni aandike kilichobadilika kwa watoto wake na si kuwasifia nyie, maana ikifika mwezi wa nne ana mitihani ya jimbo na hamtampata.

Na makamu wa rais mpeni kazi ya kweli tangu Septemba. Akae kwenye kila kikao cha bajeti, ajue nywila ya akaunti, amjue mwalimu wa ile shule kwa jina na yule mwalimu amjue yeye, kwasababu ndo atakayekuwa anaandika nusu ya pili ya hayo maombi.