Je, malipo ndiyo yaliyoua uungwana wa raga?

Hapa Kigoma, katika vibanda vya Mwanga tunakotazama mechi za kimataifa za raga, wengi wanaamini kwamba mchezo huu ulikuwa wa kiungwana hadi wachezaji waliporuhusiwa rasmi kulipwa, mwaka 1995, na kwamba fedha ndizo zilizoleta ukatili.

Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa wachezaji wa leo wana miili mikubwa zaidi na hugongana kwa kishindo. Hata hivyo, mchezaji wa kwanza kutolewa nje katika mechi ya kimataifa alitolewa mwaka 1925, miaka 70 kabla ya malipo hayo, na ngumi ambazo enzi hizo mara nyingi ziliachwa bila adhabu, leo hukaguliwa kwenye video na kuadhibiwa kwa kadi.

Anayetaka kujihakikishia atafute kwenye intaneti mechi nzima ya miaka ya 1970, ailinganishe na ya sasa, kisha ahesabu makosa yaliyofumbiwa macho. Vipande vifupi havitoshi, maana huchaguliwa kwa vurugu zake. Amtazame pia nahodha anapoitwa na mwamuzi: hutoa kikinga meno mdomoni, husikiliza, hurudi kwa wenzake. Mimi huipenda dakika hiyo kuliko hata trai, yaani bao la kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani, nayo bado ipo.