Nyumba ya likizo ya kujipikia: mgeni hulipia nini hasa?

Nyumba ya likizo ya kujipikia ni nyumba kamili, yenye vyumba vya kulala, sebule na jiko lake, ambayo mgeni huikodi kwa siku chache au kwa majuma kadhaa na kujishughulikia mwenyewe mambo ya chakula. Hakuna ukumbi wa maakuli, hakuna mhudumu wa mapokezi anayekesha, na vyakula vya siku ni vile atakavyovichagua mgeni akiwa sokoni. Katika mwambao wa Kenya mtindo huu ni wa zamani kuliko mitandao inayoutangaza leo. Kabla Airbnb haijaanzishwa San Francisco mwaka 2008, familia kutoka Nairobi zilikuwa zikishuka Tiwi, Diani na Watamu shule zinapofungwa, unga, mchele na watoto vikiwa vimejaa garini, kwenda kukaa katika nyumba za makuti zilizo karibu na bahari.

Wengi hudhani kwamba anayechagua nyumba badala ya hoteli anakimbia gharama. Ni kweli kwamba kundi la watu wanane likigawana kodi ya nyumba moja, kila mmoja aweza kulipa kidogo kuliko ambavyo angelipa hotelini. Lakini nyumba nzuri ya Diani mwezi wa Desemba si ya bei rahisi hata kidogo, na wakodishaji hawakosekani. Anachokilipia mgeni huyu ni mamlaka juu ya saa zake. Mama mwenye mtoto mchanga hataki kungoja ukumbi ufunguliwe ndipo apate uji. Anayefunga Ramadhani huhitaji daku kabla ya alfajiri. Mzee mwenye kisukari hutaka kujua kilichotiwa chunguni. Na vijana waliokesha barazani wakizungumza hutaka kuamka saa tano na kujichemshia chai bila kuulizwa walikuwa wapi. Matarajio mengine ya mgeni karibu yote hutokana na mamlaka hayo, kwa kuwa nyumba humfaa kwa kadiri inavyomwezesha kuendesha siku yake bila kumpigia mtu simu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni jiko, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapoteleza. Hutumia fedha kwa mito ya rangi, vinyago na taa za kuning'inia, kisha jikoni huacha visu butu, sufuria mbili nyembamba zisizo na vifuniko, na glasi sita katika nyumba iliyotangazwa kuwa inalaza watu kumi. Mgeni wa Nairobi aliyekuja na jamaa zake hutafuta sufuria nzito ya kusongea ugali wa watu wengi na mwiko usiovunjika, kibao cha kusukumia chapati na kaango lake, pamoja na chupa kubwa ya chai, kwa sababu chai ya familia haipikwi kikombe kimoja kimoja. Akitaka wali wa nazi hutafuta mbuzi ya kukunia na chujio la kukamulia tui. Mwitaliano, na hao si wachache Malindi na Watamu, huenda asiujue mwiko kabisa, lakini hatasahau kwamba alikosa sufuria ya kina cha kutosha kuchemshia tambi. Mwenye nyumba hawezi kukisia kila mtu atapika nini. Anachoweza ni kukaa humo siku mbili tatu, apike mwenyewe vyakula vya kawaida, na kuona ni wapi mkono unanyooka kutafuta kitu kisichokuwapo.

Mtungi wa gesi ni jambo dogo linaloharibu jioni nzima. Wa kilo 13 ulio na wa akiba pembeni humtuliza mpishi. Wa kilo 6 ulioachwa nusu humalizika wali ukiwa bado haujakauka. Friji nayo haina budi kuwa na sehemu ya kugandishia, maana samaki hununuliwa asubuhi, mara nyingi kwa mchuuzi anayepita na baiskeli, na joto la pwani halimngoji mtu. Chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta kidogo na kiberiti vikikutwa kabatini huwa na thamani kubwa kwa mtu aliyeshuka treni usiku Miritini, kituo cha Mombasa, akiwa bado na kivuko cha Likoni mbele yake, na watoto wanaolia njaa. Huko Diani ongezeni komeo madhubuti la dirisha la jikoni: kima na tumbili wa eneo hilo hawabishi hodi, na ndizi wanaziona kutoka mbali.

Mengine ni ya kulala na kuoga, na hayahitaji maneno mengi: chandarua kisicho na tundu, feni ambayo upepo wake unafika kitandani, kamba ya kuanikia nguo za kuogelea. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi. Mgeni hakatai kuyaogea, ila anataka aambiwe mapema na akute dumu la maji ya kunywa. Kwa umeme wa tokeni, yaani unaolipiwa kabla ya kutumiwa, namba ya mita iandikwe mahali panapoonekana, na ijulikane nani anayelipa.

Jina la kujipikia lisimpotoshe mtu kuhusu mpishi. Nyumba nyingi za pwani ya Kenya hukodishwa pamoja na mpishi au mtunza nyumba, na wageni wengi humfurahia, kwa vile anajua bei halisi ya pweza na siku ambayo kamba ni wabichi. Mgeni ndiye anayeamua kiliwe nini na saa ngapi, hata kama upawa haushiki yeye. Kero huanza pale anaposhindwa kusema, bila kuonekana mkali, kwamba kesho familia inataka kubaki peke yake. Utaratibu huo ukielezwa kabla ya safari, hakuna anayeudhika. Mwenye nyumba naye atakiwa apatikane kwa simu haraka, lakini asipite bustanini kila asubuhi kwa kisingizio cha kukagua maua.

Picha na maelezo ya nyumba nazo ni sehemu ya huduma. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao huu hupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hivyo nyumba iliyopigwa picha maji yakiwa yamejaa mbele ya ngazi inaweza, saa sita baadaye, kutazama mwani na miamba mitupu. Malindi, nyakati za mvua, bahari hugeuka rangi ya udongo unaoletwa na mto Sabaki. Mgeni anayeambiwa hayo hupanga saa za kuogelea au miezi ya kuja. Asiyeambiwa hudai fedha zake. Bei nayo itajwe nzima tangu mwanzo, pamoja na ada ya usafi, ujira wa mpishi, umeme na amana, na iandikwe amana hiyo itarudishwa siku gani.